Kiti, choo na daftari: namna ya kupima kikundi cha wazee Mtwara na Lindi

Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, kila kikundi kinapendeza. Fulana mpya, spika imekodiwa, mgeni rasmi amekaa chini ya turubai. Anayetafuta mahali pa kumpeleka mama au babu asichague kwa siku hiyo. Aende Jumanne ya mwezi Februari, mvua imepiga usiku kucha na nusu ya mtaa iko shamba kwenye palizi. Watu atakaowakuta siku hiyo, na namna wanavyopokelewa, ndiyo huduma yenyewe.

Huku kusini mwa Tanzania huduma za kumweka mzee katika mwendo na katika watu huja kwa sura nne: mazoezi ya asubuhi, baraza za bao na karata, vikundi vya kuweka na kukopa, na siku za kupima presha na sukari. Vikundi vingine huchanganya mbili au tatu. Tumezipima hapa kwa faida anayoipata mtu wa miaka 60 na kuendelea, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inauhesabu kuwa ni uzee, na kwa makosa yanayomfanya arudi kukaa kibarazani peke yake.

Mazoezi ya asubuhi: yana faida kuliko yote, na ndiyo yanayoharibiwa upesi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mwenye miaka 65 na zaidi apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2, na mazoezi ya kusimama bila kuyumba angalau siku 3. Vikundi vingi vinatoa hilo la kwanza peke yake, yaani kutembea. Kutembea ni kuzuri, lakini bibi aliyechota maji kwa kichwa maisha yake yote kule Newala hajakosa kutembea. Kinachompungukia ni nguvu za mapaja za kuinukia na uimara wa vifundo vya miguu. Vikipungua hivyo, anaanguka usiku akienda chooni. Kwa hiyo ukifika kwenye kikundi, kabla hujauliza ada, tazama kama kuna viti.

Kiti kinachofaa ni cha mbao, kina kiegemeo, hakitikisiki, na kikalio chake kiko sentimita 43 hivi kutoka chini. Kiti cha plastiki kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa hupanua miguu na kuteleza, hasa kikishapigwa na jua miaka miwili. Kama hakuna kingine, kiegemezwe ukutani na asikae mtu mzito. Tena kila mzee awe na kiti chake. Viti vitano kwa watu ishirini maana yake ni kwamba kumi na watano wamesimama wakingoja, na mzee aliyesimama muda mrefu hajapumzika wala hajafanya mazoezi.

Mazoezi ya msingi ni matano, na hayahitaji mashine. Kuinuka kitini na kukaa. Kunyanyua visigino ukiwa umeshika kiegemeo. Kunyoosha goti ukiwa umekaa. Kukunja goti kwa nyuma ukiwa umesimama. Kupeleka mguu pembeni bila kuinamisha kiwiliwili. Kila moja mara 10, pumziko la dakika moja au mbili, kisha 10 tena. Mpangilio wa namna hii ulijaribiwa kwa wazee na watafiti wa Otago, New Zealand: nguvu na uimara siku 3 kwa wiki, kutembea siku 2, na katika majaribio yao kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 35. Hakuna kilichomo ambacho uwanja wa shule ya msingi Mikindani hauwezi kukibeba.

Sharti moja dogo tunalolipenda sana: wahesabu wote kwa sauti. Mtu anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi wakati wa kujikaza ndiko kunakopandisha presha ghafla. Kikundi kinachofanya mazoezi kimya huku spika ikipiga muziki kimekosa kinga ya bure.

Mizigo ya miguuni hushonwa mtaani. Kipande cha kitambaa kigumu, mifuko miwili iliyotenganishwa kwa mshono katikati ili mchanga usirundikane upande mmoja, na kamba ya kufungia juu ya kifundo. Anza na nusu kilo kwa kila mguu, ipimwe kwenye mizani ya duka, isikisiwe. Mchanga wa pwani usitumike: chumvi yake huvuta unyevunyevu, kitambaa kinaoza na uzito hubadilika. Tumia wa mtoni, ukaushwe juani. Anayemaliza mizunguko yake miwili ya mara 10 bila kutetemeka aongezewe. Asiyeweza afanye bila mzigo, na asionewe haya kwa hilo.

Uimara wa kusimama hujengwa kwa ngazi nne: miguu sambamba ikigusana, mguu mmoja umesogezwa mbele nusu ya unyayo, kisigino cha mmoja kimegusa vidole vya mwingine, mguu mmoja. Kila ngazi sekunde 10. Asiyefikisha sekunde 10 kwenye ngazi ya tatu yuko katika hatari ya kuanguka, na nafasi yake ni kando ya ukuta, mtu amesimama karibu naye. Mshiko nao hupunguzwa taratibu: mikono miwili, mmoja, vidole, kisha hakuna. Kikundi ambacho baada ya miezi sita watu bado wameng'ang'ania viti kwa mikono miwili hakina mwalimu anayewatazama.

Na mwalimu ndipo mambo yanapoharibikia. Kijana wa gimu ana moyo mzuri, ila anawafundisha wazee anachowafundisha wenzake: kuruka, kuzungusha shingo, kuinama hadi kugusa vidole vya miguu kwa kasi. Mifupa ya uti wa mgongo iliyokwisha kupungua inaweza kubonyea kwa kuinama namna hiyo. Shingo ikizungushwa kizunguzungu kinakuja. Anayetumia dawa za presha akiinuka ghafla damu haiwahi kupanda kichwani, macho yanaingia giza. Mwalimu anayejua kazi huwaambia wakae kwanza, wapige miguu chini mara kadhaa kama wanaotembea, ndipo wasimame. Kwa watu 15 mwalimu mmoja anatosha akiwa na wasaidizi wawili. Wakizidi hapo, mtu ataanguka nyuma bila kuonekana.

Kasi ya kutembea haihitaji saa. Mzee aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Akiimba bila shida aongeze mwendo. Akishindwa kumaliza sentensi apunguze.

Mavazi yazungumzwe siku ya kwanza, kwa adabu na kwa uwazi. Kandambili hazifai, huchomoka mguu unapopelekwa pembeni. Raba zenye soli nyembamba isiyoteleza ndizo nzuri. Kanga ifungwe juu ya vifundo na ndani iwepo suruali, mama awe huru kunyanyua mguu. Na jambo ambalo waandaaji wa kutoka mbali hawaliulizi: nani ni mkwe wa nani. Mama hatanyanyua mguu mbele ya mume wa binti yake, wala hatasema sababu, ataacha tu kuja. Mistari miwili, wanawake mbele na wanaume nyuma yao, haitatui. Itatuliwe kwa siku tofauti, au kwa duara mbili zilizopeana mgongo.

Ufukwe, jua na choo

Ufukwe wa Shangani, Mtwara, unavutia, na wapo wanaopeleka mazoezi pale kwa sababu ya hewa. Hewa kweli ni nzuri. Tatizo ni mchanga. Mkavu na laini unameza mguu, kifundo kinapinda. Na mteremko wa ufukwe unafanya mguu mmoja uwe juu ya mwenzake njia nzima. Panapofaa ni kwenye mchanga mbichi ulioshikana maji yakiwa yamekupwa. Lakini kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo kikundi chenye saa moja isiyobadilika kitapata mchanga mgumu siku chache tu, na nyingine kitakuta maji yamejaa hadi kwenye majani. Siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hali ni mbaya zaidi. Wavuvi wa hapo hapo wanaijua ratiba bila kitabu. Kikundi kiwaulize, au kibaki kwenye uwanja wa udongo. Lindi mjini tunashauri njia ya tambarare ya pwani kwa wanaoanza. Vilima vya nyuma ya mji ni vya wenye magoti mazima, na ugumu wake uko kwenye kushuka kuliko kupanda.

Muda uwe saa 12:15 hadi saa 1:15 asubuhi. Kuanzia Novemba joto la kaskazi linafika mapema, na mzee haisikii kiu kama kijana, hata mwili ukiwa umekaukiwa. Anayetumia dawa za presha za kukojoza anapoteza maji zaidi. Kila mtu aje na chupa yake ya nusu lita, anywe kabla, katikati na baada.

Hapa ndipo choo kinapoingia. Wazee wengi hujinyima maji kwa makusudi kwa sababu mkojo unawatoka au hauchelewi, na wanajua hakuna pa kwenda. Matokeo yake ni kizunguzungu, na lawama inapewa mazoezi. Choo kiwe ndani ya hatua 50, kina mlango unaofungika, sakafu kavu, na kishikio au angalau gogo lililosimikwa la kushika wakati wa kuinuka. Kama kikundi hakina choo cha namna hiyo, hata mwalimu akiwa bora namna gani, tunakiweka chini.

Juni hadi Agosti kuna kero ya mashambani: upulizaji wa salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Vumbi lake linawasha macho na kubana kifua cha mwenye pumu. Vikundi vya Tandahimba, Newala na Masasi vilivyo karibu na mashamba viulize wenye mashamba siku za kupuliza na vihamie ndani asubuhi hizo.

Bao

Baraza ya bao haihitaji mradi wala mfadhili. Mashimo 32, kete 64, watu wawili wanacheza na kumi wanasahihisha. Kwa akili, kumbukumbu na mazungumzo, ni huduma kamili, na inawafikia wanaume wajane ambao hawatakanyaga kikundi chochote chenye rejesta. Tunaipa alama za juu kwa hilo.

Kasoro yake ni kwamba watu wanakaa. Saa tatu juu ya benchi fupi, magoti yamekunjwa, halafu mtu anainuka kwa mara moja na kupepesuka. Rekebisho ni rahisi: bao liwekwe juu ya meza, wachezaji wawe kwenye viti vya kawaida, na kila mchezo ukiisha wote, wachezaji na watazamaji, wainuke na kukaa mara 10 kabla kete hazijapangwa tena. Zoezi hilo likifanywa sehemu ya sheria za baraza, hakuna atakayeona anafundishwa. Kasoro ya pili ni kwamba akina mama hawamo. Wao mara nyingi wanakutana kwenye ukili, kanda za kusuka za kushonea mikeka. Kusuka ukili kunawaweka pamoja na kunaleta fedha kidogo, nako kunahitaji kanuni ileile ya kuinuka, kwa kuwa kukaa mkekani miguu imenyooshwa kwa asubuhi nzima hukaza kiuno.

Vikundi vya kuweka na kukopa

Kwa uhusiano wa watu, hivi vina nguvu ya ajabu. Mtu mwenye hisa yake sandukuni hakosi wiki. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, fedha zihesabiwe mbele ya wote: hayo yakiwepo kikundi kina afya. Kwa wazee tunaongeza sharti la mihuri. Hisa ziandikwe kwa muhuri kwenye kitabu, muhuri mmoja hisa moja, kwa sababu mwenye mtoto wa jicho au asiyesoma anaweza kuhesabu mihuri kwa kidole, ila hawezi kuhakiki mwandiko wa katibu.

Kinachowaondoa wazee ni hisa kupanda. Kikundi kinaanza na wazee, wanaingia wenye biashara, hisa inaongezwa, na bibi anayeishi kwa kuuza ming'oko, viazi vya porini, au kwa ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, anaanza kusema anaumwa siku ya mkutano. Haumwi. Hana fedha na hataki kusema. Kikundi kizuri kinaweka kiwango cha chini kisichopanda, na mfuko wa jamii wenye mchango ulio sawa kwa wote, ambao ndio wa msiba na ugonjwa. Mkopo nao usiandikwe kwa jina la bibi kwa ajili ya pikipiki ya mjukuu. Hilo ni kosa tunalolihesabu kubwa, maana pikipiki ikikwama bibi ndiye anayeona aibu na kujitenga, akapoteza fedha na watu kwa pamoja.

Ijulikane pia kwamba katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mgawo ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao kama wazee. Linauma, na Mabaraza ya Wazee yana haki ya kulisema kila bajeti inapoandaliwa.

Siku za presha na sukari

Hizi huwavuta watu wengi na mara nyingi hupimwa ovyo. Mzee ametembea kilomita mbili juani, anakalishwa, mkanda unafungwa juu ya shati, mtu anamsemesha, namba inasoma juu, anaandikiwa ana presha. Utaratibu sahihi: akojoe kwanza, akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono wazi umewekwa mezani usawa wa moyo. Apimwe mara mbili, dakika moja kati. Mashine iwe na mikanda ya vipimo viwili, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Ikisoma 180/110 au zaidi, na baada ya kupumzika imebaki hapo, siku hiyo hakuna mazoezi, apelekwe kituo cha afya. Akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kikali au udhaifu wa upande mmoja, apelekwe dakika hiyohiyo.

Wenye sukari waje wamekula. Kikundi kiwe na sukari ya kawaida: vijiko vinne vya chai kwenye maji kwa anayetetemeka na kutoka jasho la baridi, na vingine vinne baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu. Miguu yao itazamwe kila wiki, nyayo na kati ya vidole, kwa sababu kidonda kwenye mguu uliokufa ganzi hakiumi.

Mwezi wa Ramadhani kikundi kinachojali hakisimami, kinabadilika. Mazoezi mepesi ya kitini baada ya futari yanafaa kuliko alasiri koo likiwa kavu. Vivyo hivyo msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba watu wako mikoroshoni, wanaokota, na siku ya mnada hakuna atakayekuja. Badala ya kulalamika, waandaaji wapunguze siku kutoka tatu hadi mbili na wampe kila mmoja mazoezi matatu ya kufanya shambani akiwa ameshika shina la mkorosho.

Namna ya kujua kama kinafanya kazi

Pima kwa sekunde 30. Mzee akae kitini, mikono imekunjwa kifuani, ainuke wima na kukaa mara nyingi awezavyo. Akitumia mikono, hesabu ni sifuri. Sekunde zikiisha akiwa amevuka nusu ya kuinuka, hiyo inahesabiwa. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamke wa miaka 65 hadi 69 aliye chini ya 11 na mwanamume wa umri huo aliye chini ya 12 wamepungukiwa nguvu. Kwa miaka 80 hadi 84 ni 9 na 10. Lakini kilicho muhimu zaidi ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe: siku ya kwanza, kisha baada ya wiki 12. Kikundi kisichopima hakiwezi kukuambia kama mama yako amepata kitu zaidi ya chai.

Wale wasioweza kufika wanahitaji mtu awafikie. Zimbabwe waliwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito, na jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu kweli. Tunaitaja kwa sababu moja: pale mzee ndiye mtoa huduma. Vikundi vya huku vilivyodumu vinawapa wazee kazi ya namna hiyo. Wawili wawili, Alhamisi, wanakwenda kubisha hodi kwa aliyekosa. Kwa aliye mbali, simu ya kitochi inatosha, na vocha itoke kwenye mfuko wa jamii.

Kwa hiyo ukimaliza kutazama viti na choo, omba daftari la mahudhurio. Tafuta jina lenye alama tatu mfululizo za kutofika na uliza yuko wapi. Kama katibu anainua mabega, asante, endelea mbele. Kama anakujibu bila kufikiri kwamba bibi yule yuko Nachingwea kwa mwanawe, goti lilivimba, walimpigia juzi na atarudi baada ya palizi, basi andikisha jina la mama yako papo hapo.